Kebo ya televisheni au laini ya simu: nichukue ipi nyumbani Isamilo?

*"Tumepanga nyumba ya zamani Isamilo, Mwanza. Ukutani kuna soketi ya simu ya mezani, na fundi amesema laini yake inaweza kufufuliwa ikabeba intaneti ya DSL. Wakati huohuo kampuni ya televisheni ya kebo inayohudumia mtaa wetu inasema itatuletea intaneti kwa waya wake. Mdogo wangu anayeishi Marekani ananiambia nichukue kebo tu, DSL imeshapitwa na wakati. Mimi nafanya kazi za uhasibu kwa mtandao na wateja wangu wanataka mikutano ya video. Mume wangu anaangalia mpira, watoto watatu wanasoma na kutazama katuni. Bando za simu zimetumaliza. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na mwaka jana radi iliunguza king'amuzi. Nichague ipi?"*

Dada, pole kwa king'amuzi. Umefanya vizuri kulitaja, kwa sababu kwa mji wetu radi na umeme vina uzito sawa na kasi katika uamuzi huu, na watu wengi huvikumbuka baada ya kulipia.

Nianze na jibu lenyewe. Kama faiba, yaani waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga, imefika mtaani kwenu, achana na zote mbili uchukue faiba. Kama haijafika, chukua kebo ikiwa tu kampuni itakuonyesha kwamba mtandao wake una njia ya kurudi (data inayotoka kwako iweze kufika kwao) na kasi yake haifi jioni. DSL ichukue kama kebo imeshindwa mtihani huo na nyumba yenu iko karibu na kituo cha simu, nayo uichukue ukijua kwamba mikutano yako ya video itabanwa. Sasa nieleze kwa nini, ili fundi akija usimwachie yeye peke yake kuamua.

Mdogo wako anasema kweli kwa huko aliko. Kampuni za kebo za Marekani zilianza miaka ya 1990 kuujenga upya mtandao wao wa televisheni ili data iweze kwenda na kurudi, na kiwango cha kwanza cha modemu za kebo, DOCSIS, kilitoka mwaka 1997. Laini za simu za huko zilibaki shaba ileile, nyingi zikiwa ndefu, kwa hiyo kebo ikaziacha mbali. Lakini huo ni ukweli wa nyaya zao. Hapa kwetu, mtu akikuambia "tunaleta intaneti kwa kebo", anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu tofauti kabisa, na hicho ndicho cha kujua kwanza.

Angalia ncha ya waya utakaoingia ndani. Ukiwa ni waya mnene wa duara wenye kichwa cha kuskurubu na sindano moja ya shaba katikati, uleule ambao mafundi wa madishi huuita RG6, hiyo ndiyo kebo anayoisema mdogo wako. Ukiwa na kichwa cha plastiki chenye meno 8, kama kinachoingia nyuma ya kompyuta, huo ni waya wa kawaida wa mtandao uliotandazwa nguzo kwa nguzo kupitia swichi ndogondogo. Kasi yake inaweza kuwa nzuri, ila waya wa namna hiyo umeundwa kwa ndani ya jengo, mwisho wake ni mita 100 kutoka swichi hadi swichi, na ukiwa nje radi huupenda mno. Na ukiwa ni uzi mwembamba unaoishia kwenye kichwa kidogo cha kijani au buluu, hiyo ni faiba hata kama risiti imeandikwa kebo. Furahi, maana umepata kilicho bora bila kukiomba.

Tuseme ni RG6 kweli. Waya huu hubeba mawimbi mengi kwa pamoja. Vituo vya televisheni hukaa kwenye masafa ya juu, na data inayotoka kwako kwenda kwa kampuni hupita masafa ya chini, kuanzia megahezi 5 hadi 42, au hadi 65 kwa mitandao ya mtindo wa Ulaya. Shida ni kwamba mitandao mingi ya televisheni ilijengwa kupeleka picha tu. Busta zake, yaani vifaa vya kuongeza nguvu ya mawimbi vilivyoko kwenye nguzo, husukuma mawimbi upande mmoja, na kinachotaka kurudi hufa hapohapo. Ndiyo maana televisheni ya jirani inaweza kuonyesha picha safi kabisa na modemu kwenye waya huohuo ikakesha ikitafuta mtandao. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni liwe hili: busta zenu za mtaa huu zinapitisha njia ya kurudi, na kuna mteja wa intaneti kwenye tawi hili la waya, nikamwone? Asiyejua kulijibu, mwambie amuulize fundi mkuu wake. Usilipe kabla ya jibu.

La pili ni kugawana. Kwenye kebo, chaneli moja ya upana wa megahezi 8 hubeba takriban megabiti 50 kwa sekunde. Modemu ya DOCSIS 3.0 inayounganisha chaneli 8 ina jumla ya takriban megabiti 400, na hizo ni za nyumba zote zilizo kwenye tawi lenu kwa pamoja. Saa 4 asubuhi utaona maajabu. Saa 2 usiku, kila mtu amerudi nyumbani na mechi inachezwa, utaona hali halisi. Kampuni inayojali hugawa tawi likijaa. Isiyojali huendelea kuunganisha wateja. Huwezi kulijua hili kwa kusoma kipeperushi. Mwombe jirani anayetumia huduma hiyo akuruhusu upime kasi kwake kati ya saa 1 na saa 4 usiku, siku mbili tofauti, mojawapo ikiwa ya mwisho wa wiki. Pima kwa waya, au ukiwa chumba kimoja na rauta, la sivyo utakuwa unapima kuta zake.

Sasa DSL. Hapa waya ni wako peke yako kutoka ukutani hadi kituo cha simu, na hiyo ni faida ya kweli, ingawa baada ya kituo nanyi mnagawana njia kuu. Udhaifu wake ni umbali. ADSL2+, aina mojawapo ya DSL, hutumia masafa hadi megahezi 2.2 kwenye jozi ya nyaya nyembamba za shaba, na masafa ya juu ndiyo yanayokufa kwanza kadiri waya unavyorefuka. Kwa waya mzima usio na maungio mabovu, ukiwa kilomita 1 kutoka kituoni unaweza kupata megabiti 20 hivi, kilomita 3 karibu megabiti 8, na kilomita 5 utabaki na 2 au 3. Umbali huo ni wa waya unavyopita, si wa mstari ulionyooka. Isamilo ni mlima wa mawe. Nyaya hufuata barabara, zikazunguka miamba, zikapanda na kushuka, hivyo nyumba unayoiona kuwa hapo tu juu ya mji inaweza kuwa mbali kuliko macho yanavyosema.

Lakini kwa kazi yako, dada, kasi ya kupakua si tatizo kubwa la DSL. Tatizo ni kupakia. ADSL ya kawaida hupakia takriban megabiti 1 kwa sekunde, na hiyo ni laini ikiwa nzima. Mkutano wa video wa watu wengi kwa picha safi unahitaji karibu megabiti 3 kwenda na 3 kurudi. Kwa megabiti 1 utaonekana, ila kwa picha hafifu, na siku simu ya mtoto itakapoanza kupandisha picha zake hifadhini kimyakimya, sauti yako itaanza kukatika katikati ya sentensi. Zaidi ya hapo, njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunazorota, kwa sababu kila mzigo unaopokea lazima utumiwe jibu kwamba umefika. Watu huita fundi kulalamika kwamba kasi imeshuka, kumbe ni simu moja ya mkononi inayopandisha picha. VDSL, aina nyingine ya DSL, hupakia vizuri zaidi, lakini inahitaji kabati la mtaa lenye kifaa chake ndani ya mita mia chache kutoka kwako. Uliza kama lipo.

Fundi akishaifufua laini, msisaini chochote kabla hamjaufungua ukurasa wa modemu. Anwani yake kwa kawaida ni 192.168.1.1 au ile iliyobandikwa chini yake. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni upotevu wa mawimbi kwenye laini, kwa desibeli. Chini ya 30 ni vizuri, 40 unavumilika, ukizidi 55 usijisumbue. Kwa nyaya za simu za kawaida, desibeli 14 hivi ni sawa na kilomita 1, kwa hiyo 42 zinakuambia uko kama kilomita 3. Ya pili ni nafasi kati ya mawimbi na kelele. Isishuke chini ya desibeli 6, na nzuri ni 10 au zaidi. Iangalie mchana, iangalie usiku, na iangalie baada ya mvua. Namba hiyo ikishuka wakati mvua inanyesha, kuna maungio yaliyoingia maji mahali fulani, na hilo ni la mwenye laini kulitengeneza, si lako. Sikiliza pia kwa simu ya mezani: mkwaruzo au mvumo ni dalili ileile. Kama mtaweka na simu, kila kifaa cha simu kiwe na kichujio chake, modemu peke yake isipitie kichujio.

Nije kwenye radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi barani Afrika, na ngurumo za ziwani hupiga hata usiku wa manane na alfajiri mkiwa mmelala. Wengi hudhani kifaa huungua kwa sababu radi imepiga nyumba. Mara nyingi haikupiga nyumba. Imepiga ardhi au nguzo mahali fulani jirani, umeme wa ghafla ukapita kwenye waya mrefu ulioko nje, ukatafuta njia ya kwenda ardhini. Modemu inakaa katikati ya nyaya mbili, ule wa TANESCO na ule wa mawasiliano. Nyaya hizo mbili zikiwa na msongo (volti) tofauti kwa sekunde ndogo tu, njia ya mkato ni kupitia ndani ya modemu yako, na king'amuzi chako huenda kilikufa hivyohivyo. Ndiyo maana kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi. Chomoa na waya wa kebo au wa simu. Msimu wa mvua, yaani Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, fanya hivyo kila usiku kabla ya kulala kama hamhitaji intaneti.

Kinga ya kudumu ni kuunganisha nyaya hizo kwenye ethi moja, yaani njia moja ya kupeleka umeme ardhini. Waya wa kebo, pale unapoingia nyumbani, upite kwenye kiungio cha chuma kilichofungwa kwa waya wa shaba hadi ethi ileile ya umeme wa nyumba. Fundi asikuchimbie ethi nyingine ya pembeni kwa ajili ya kebo peke yake, kwa kuwa ethi mbili zisizounganishwa ndizo hasa zinazoleta ile tofauti ya msongo. Laini ya simu nayo iwe na kisanduku cha kinga mlangoni. Mlimani kwenu kuna ugumu mmoja ambao mafundi wengine huuficha: nondo ya ethi inagonga jabali kabla ya kuzama, fundi anaikata juu na kufukia kipande, kisha anakuambia tayari. Jabali kavu halipitishi umeme vizuri. Palipo na mwamba, shaba hulazwa kwenye mtaro wenye udongo unaoshika unyevu, na huenda zikahitajika nondo zaidi ya moja. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na umtake aipime kwa kifaa mbele yako. Na kwa kuwa mmepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba, hata gharama anaweza kuchangia kwa sababu ethi inabaki kwake. Zile ekstenshoni za dukani zenye maandishi ya kinga ya radi zinasaidia kidogo tu, na bila ethi kwenye soketi hazisaidii karibu chochote.

Faiba ina nafuu kubwa hapa. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haina njia kupitia waya wa mawasiliano. Tahadhari moja: nyaya nyingine za faiba zina uzi wa chuma wa kuzishikilia hewani. Uzi huo ukatwe na kufungwa nje, usiingie ndani hadi kwenye kifaa.

Kukatika kwa umeme nako kunatenganisha huduma hizi kuliko watu wanavyodhani. Modemu na rauta kwa pamoja hula kama wati 12. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, utapata saa tatu na nusu. Zipo pia UPS ndogo za modemu zinazotoa volti 12 moja kwa moja. Soma kibandiko cha adapta yako kwanza: volti ziwe sawasawa, ampea ziwe sawa au zaidi. Lakini betri yako haina maana kama kifaa cha mtaani kimezimika. Busta za kebo zinahitaji umeme, na swichi za kwenye nguzo pia. Mtaa ukizima, nazo huzima, isipokuwa kampuni imeweka betri. Waulize zinadumu saa ngapi. DSL huishi maadamu kituo kina betri au jenereta. Faiba ya majumbani, ile ya mfumo wa GPON, kati ya kituo na nyumba yako haina kifaa chochote kinachohitaji umeme. Kigawanyaji chake ni kioo tu. Nayo pia hugawanwa, megabiti karibu 2,500 kwa nyumba 32 au 64, lakini linganisha namba hiyo na zile 400 za kebo uone nafasi iliyopo.

Familia yenu inahitaji kiasi gani? Mpira kwa picha safi ni megabiti 5 hadi 8. Katuni kwenye kifaa kingine, 5 tena. Mkutano wako, 3 na 3. Masomo na simu za mikononi, weka 5. Kwa hiyo megabiti 20 za kupakua na 5 za kupakia, zikiwa za kweli saa 2 usiku, zitawatosha. Usishawishike na kifurushi cha 100 kinachoshuka hadi 6 jioni. Kumbuka pia kwamba megabiti 20 ni megabaiti 2.5, hivyo faili likionekana kushuka kwa 2.5 kwa sekunde hujaibiwa. Na hakikisha kifurushi hakina ukomo uliofichwa, kwa kuwa saa moja ya video safi hula gigabaiti 3 hivi, na nyumba ya watu watano hufikisha gigabaiti 300 kwa mwezi bila hata kutambua.

Ukichukua kebo, simamia ufungaji. Waya wa RG6 usio na kiraka, vichwa vya kubana kwa mashine badala ya vile vya kusokota kwa mkono, na kabla ya tundu la ukutani waya ushuke kitanzi kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondokee hapo. Maji yakiingia kwenye kichwa, shaba inageuka kijani na kasi inakufa polepole ndani ya miezi. Kama mnataka na televisheni, tumieni spilita (kigawanyaji cha waya) moja tu ya njia mbili karibu na mlango, mguu mmoja uende kwa modemu moja kwa moja. Spilita hiyo hupunguza desibeli 3.5, ya njia nne hupunguza 7. Iwe imeandikwa 5 hadi 1000 megahezi. Spilita za zamani za antena huanzia 40 au zaidi, na hizo huziba njia ya kurudi, sawa na busta ndogo ya ndani ambayo mtu aliifunga zamani nyuma ya televisheni. Ikiwepo, iondoe.

Kwa vyovyote, usiitupe laini ya simu ya mkononi. Rauta ndogo ya 4G yenye bando dogo itakuokoa siku waya umekatwa na lori au mwizi wa shaba. Iweke dirishani upande unaotazama mnara. Nyuma ya mwamba, hatua mbili kushoto au kulia hubadilisha kila kitu.

Kuna mambo ya kutogusa mwenyewe. Ukishika kichwa cha waya wa kebo na kikakupiga shoti, hata ndogo, acha, zima swichi kuu na umwite fundi umeme, maana hiyo ni dalili ya hitilafu kwenye umeme wa nyumba au wa mtaa na inaweza kuua. Waya wa mawasiliano ukiwa umelalia waya wa umeme, piga simu TANESCO, usiuvute. Nguzo si ya kupandwa na mtu wa nyumbani. Uzi wa faiba usiukodolee macho kwenye ncha yake.

Kuhusu mkataba, hakikisha kampuni ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, omba kasi ya chini wanayoahidi iandikwe, na muda wa kutengeneza hitilafu uandikwe pia. Huduma ikizorota, piga picha ya vipimo vya kasi vikiwa na tarehe na saa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni na utunze namba yao ya kumbukumbu. Wasipokusikia, ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, na itakutaka uonyeshe kwanza kwamba ulianza kwa kampuni.

Kwa wiki hii, anza na mtaani: tembea barabara yenu uangalie kama nguzoni kuna visanduku vidogo vya plastiki ambavyo nyaya nyembamba zinatoka kuelekea majumbani, kisha muulize jirani aliyeunganishwa ni huduma ya nani. Vikiwa vya faiba, swali la kebo na DSL limekwisha.